Mfupa Ambao Mama Hakuutoa

Siku mama aliponipeleka Ramisi kwa mjomba, hakukaa hata kwenye kiti alichovutiwa. Alisimama barazani na buibui lake, akanisukuma mbele kwa kidole, akatamka maneno ambayo kwetu mzazi humwambia mwalimu wa madrasa anapomkabidhi mtoto wa miaka sita.

"Mwalimu, nyama zake nakuachia. Mifupa nirudishie mizima."

"Nimepokea, dada," mjomba akajibu, na mapatano yakawa yamekwisha.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Kitambulisho cha taifa kilikuwa mkobani mwangu, na godoro langu nilikuwa nimelibeba mwenyewe kichwani kutoka barabara kuu. Hakuna aliyenitazama kuona kama nami nimekubali. Mama alijimwagia maji usoni kutoka kwenye mtungi wa mjomba, maana jua lilikuwa kali, akarudi Mwabungo kwenye nazi zake.

Sababu ya kupelekwa ilikuwa chuo cha uuguzi. Alama zangu za kidato cha nne zilitosha katika biolojia na kemia, lakini Kiingereza kiliniangusha. Chuo kile kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia: sarufi, msamiati na ufahamu, vyote kwa Kiingereza, na aliyeshindwa hakuruhusiwa kurudia. Ningefaulu siku ile au ningerudi uani kwa mama kufua nazi. Nazi nilikuwa nikizifua tangu darasa la tano. Nilijua uzito wa kila kikapu na nilijua mgongo wa mama ulivyokuwa. Sikutaka mgongo ule.

Mjomba ndiye mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka mingi, kisha akaacha, na kila mtu Ramisi alijua ameacha kwa sababu ya sikio la mwanafunzi mmoja alilolipasua. Mama alijua pia. Kwetu Wadigo mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, wakati mwingine kuliko baba, na baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Basi nilikuwa wa mjomba, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri nisimwite mjomba. Nimwite Mwalimu.

Tulikuwa wanafunzi wawili tu wa mtihani ule. Mwenzangu alikuwa msichana ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba kwenye skimu ya serikali ya makazi, Wakristo, watu wa mahindi na mbuzi. Yeye alikuja kila asubuhi kwa baiskeli na kuondoka mchana. Mimi nililala palepale. Tulikaa kwenye mkeka barazani, uso kwa uso na mashamba ya miwa, na kati yetu na miwa alisimama mjomba na rula yake.

Ilikuwa rula ya ubaoni, ya mbao, mita moja. Kingo zake zilikuwa zimelika kwa kazi. Upande wake bapa uliacha wekundu ambao uliondoka kabla ya adhuhuri. Ukingo uliacha mstari uliovimba, na mstari ule ulikaa siku nne au tano.

Kanuni yake ilikuwa rahisi: kosa moja, pigo moja. Siku ya kwanza alitupa maswali thelathini. Nilikosa kumi na manne. Alinipiga saba kwenye viganja, akasema viganja vinatosha maana lazima niandike, akaniambia nisimame nishike ukuta, na saba zilizobaki akazimalizia mapajani. Hakuwa amekasirika. Alihesabu kwa Kiingereza, taratibu, na kila baada ya pigo alingoja nirudie jibu sahihi kwa sauti. Nikirudia vibaya, pigo lile halikuhesabiwa.

Mwenzangu alikosa tisa. Alipigwa akiuma ukosi wa blauzi yake. Mjomba alipoingia ndani kunywa maji, aliniinamia akanong'ona.

"Aki, ile kitu yake ni mita ya kupimia jeneza?"

Nilicheka na mapaja yanawaka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akishuka baiskeli, kabla hajanisalimu aliuliza, "Mita imeamkaje?" Nami nilimjibu, "Imeamka na njaa."

Ilikuwa msimu wa kukata miwa. Mashamba yalichomwa kwanza, majivu meusi yakaruka na kuanguka juu ya madaftari yetu. Kisha wakataji wakaingia, safu nzima, na mapanga yao yaligonga kwa pamoja tangu asubuhi. Baada ya wiki mbili masikio yangu yalishindwa kuitenga sauti ya nje na ya ndani ya baraza. Panga lilipogonga bua, kiganja changu kilijikunja chenyewe.

Nina tabia ya kuandika. Hadi leo, nikifika mahali, huandika nani alikuwapo, alisema nini na ilikuwa saa ngapi. Nilianza tabia hiyo Ramisi, nyuma ya daftari la msamiati. Nilichora safu nne: siku, zoezi, makosa, mapigo. Sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu. Nilikuwa nikipigwa na sikuwa na la kufanya, na kuandika lilikuwa jambo la kufanya. Nilipoandika "tisa", zile tisa zilitoka mapajani zikakaa kwenye mstari.

Mwenzangu aliliona siku moja.

"Wewe ni karani wa nani?"

"Wangu mwenyewe."

"Niandike na mimi. Jana nilikula kumi na mbili, ya mwisho alinipata kwa mfupa wa goti." Akafikiri kidogo. "Weka kumi na tatu. Hiyo ya goti ni mbili."

Basi nikaongeza safu yake.

Karibu mwezi ulipita. Kiingereza changu kilipanda, hilo nitalisema kwa haki. Makosa kumi na manne yakawa manane, yakawa matano. Maneno niliyajua kwa mwili: kuna neno la Kiingereza lenye maana ya kusitasita ambalo hata leo nikilisoma paja la kulia hukaza. Lakini safu zangu zilianza kunionyesha jambo ambalo sikulitafuta.

Katika mazoezi mengi, safu ya makosa na safu ya mapigo zililingana. Makosa matano, mapigo matano. Lakini katika mazoezi fulani, yote ya ufahamu, zile habari ndefu zenye maswali chini yake, namba hazikulingana kabisa. Makosa hayakuwa na namba. Nilikuwa nimeandika "mwandiko" au "nilipiga miayo" au "nilimtazama". Mapigo yalikuwa kumi, kumi na tano, mara moja ishirini. Kwenye mazoezi hayo mjomba hakuhesabu kwa Kiingereza wala hakungoja turudie jibu. Alipiga tu, kwa haraka, kwa ukingo.

Alhamisi moja alitoka kwenda dukani akakiacha kitabu chake juu ya kiti. Kilikuwa kitabu kilekile tulichokuwa nacho sisi, isipokuwa chetu cha nakala hakikuwa na majibu mwishoni na chake kilikuwa nayo. Nilikifungua nyuma. Majibu ya sarufi yalikuwapo. Majibu ya msamiati yalikuwapo. Baada ya hapo kurasa tano zilikuwa zimechanwa, zimebaki kingo zake zilizotafunika kwenye mshono. Pengine zilifungia njugu za mtu. Nililinganisha na safu zangu, zoezi kwa zoezi. Mazoezi yote aliyotupiga bila hesabu yalikuwa ya zile kurasa.

Nilimwonyesha mwenzangu. Alitazama kingo zile, akatazama daftari langu, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Wee! Hajui?"

"Hajui."

"Huyu mzee anatuchapa juu hajui?" Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, kisha akakaa ghafla, macho makavu. "Sikia. Usimwulize. Najua hiyo sura yako. Nakwambia usimwulize."

"Ufahamu ndio nusu ya mtihani. Siku zimebaki kumi na saba."

"Tutatafuta mtu mwingine atufundishe. Usimwulize."

Nilimwambia sitamwuliza. Nilidanganya. Nimefikiri mara nyingi kwa nini nilimwuliza, na jibu la nusu ya mtihani ni kweli, lakini si lote. Nilitaka kuuona uso wake.

Jumatatu alitupa habari ya wakulima waliohamishwa ili bwawa lijengwe. Swali la saba lilitaka kujua mwandishi aliwaonaje wale wakulima. Kulikuwa na majibu manne ya kuchagua. Mimi nilichagua la tatu.

"La pili," mjomba alisema.

"Kwa nini la pili, Mwalimu?"

"Kwa sababu ndilo sahihi."

"Kwenye aya ya mwisho mwandishi anasema waliondoka vichwa juu. La pili linasema aliwadharau."

Mwenzangu alinifinya kwenye nyonga. Nikanyoosha mkono hadi kwenye kiti, nikachukua kitabu chake, nikakifungua nyuma na kumgeuzia.

"Hapa kurasa hazipo, Mwalimu. La pili amekwambia nani?"

Uso wake niliuona. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeguswa begani na mgeni gizani. Kisha rula ilishuka, na mimi, ambaye kwa wiki nne sikuwahi kujikinga kwa sababu kujikinga kuliongeza pigo, siku hiyo niliinua mkono wa kulia.

Ukingo ulinipata juu kidogo ya kifundo. Sauti yake niliijua mara moja. Ilikuwa fupi na kavu, kama bua la muwa linapogongwa na panga, lakini ilitoka kwangu. Mkono uliteremka wenyewe. Pale palipokuwa pamenyooka pakawa na pembe.

Sikupiga kelele. Mwenzangu ndiye aliyepiga.

Mjomba aliutazama mkono, akanitazama mimi, akaivuta rula nyuma ya mguu wake kama mtu anayeficha sigara.

"Kaa," alisema. "Namba nane."

Hilo nimeliandika kama lilivyokuwa. Alisema namba nane. Akaanza kulisoma swali lenyewe kwa Kiingereza, na akalimaliza hadi alama ya kuuliza.

Mwenzangu alivua leso kiunoni, akanifunga mkono na daftari chini yake, daftari lile la msamiati, likawa ubao wa kuushikilia mfupa. Akanitoa pale akiwa amenishika kama mgonjwa mzee. Wakataji miwa walisimama kutuangalia. Mmoja akaita, "Mwalimu kamla wa leo!" na wenzake wakacheka. Mwenzangu akawatukana kwa Kikamba hadi tukafika kwenye pikipiki.

Hospitalini Msambweni mhudumu aliyejaza kadi aliniuliza, "Umeanguka?"

Mwenzangu alinitazama. Mimi nikasema, "Nimeanguka."

"Kwenye nini?"

"Pikipiki."

Akaandika. Mkono ukapigwa picha, ukafungwa plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Wiki sita, wakasema. Ulikuwa mkono wa kuandikia, na mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu.

Mwenzangu alimpigia mama simu, naye akafika kabla plasta haijakauka. Alikuja na nguo za kazi, nyuzi za makumbi ya nazi zimemshika kwenye nywele, mtandio begani. Hakuniuliza kama naumwa. Aliichukua ile picha ya mifupa, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Huu ndio ufa?"

"Ndio, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Rula."

Aliibana picha ile kwapani. "Inuka, twende Ramisi."

Mjomba alikuwa barazani. Nadhani alikuwa akimngoja. Alisimama na kusema, "Shikamoo dada," na mama hakuitika. Ni mara ya pekee maishani mwangu nimeona shikamoo ikiachwa chini. Mama alipanda barazani, akaiegemeza picha kwenye ubao ambao mjomba alituandikia msamiati, akaibana kwa chaki mbili chini.

"Soma."

"Dada, mtoto huyu alinivunjia heshima mbele ya—"

"Nimekwambia usome. Wewe si mwalimu? Hiki nini?"

"Mfupa."

"Wa nani?"

"Wa mtoto."

"Wa nani?"

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uani, na wakataji wawili walikuwa wameegemea ua.

"Wako, dada."

"Nilikupa?"

"Hukunipa."

Mama aliichukua rula pale ilipokuwa imelala kitini. Mjomba angeweza kuondoka. Alikuwa mrefu kuliko mama, na miguu yake ilikuwa mizima. Lakini mama ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemwachisha kunyonya mama yao alipokuwa mgonjwa, na mdogo hamwinulii mkono mkubwa wake. Alisimama palepale. Mama alimpiga mgongoni, akampiga mabegani, akampiga mikononi alipoziba kichwa. Alipiga kama anavyofua nazi, kwa uzito wote wa kiuno. Pigo la kumi na moja rula ilipasuka kwa urefu, na kipande kimoja kikaruka hadi miguuni pangu. Mmoja wa wakataji akasema, "Sasa ni nusu mita," na uani watu wakaangua kicheko.

Mjomba hakumtazama mama wakati wote ule. Alinitazama mimi. Damu ilimtoka sikioni, kidogo.

Nilitarajia kufurahi. Nilichofanya ni kuhesabu, na nilipofika kumi na moja niligundua kwamba nimekaa chini. Kisha jambo lingine lilinijia, na hilo halijaniacha. Mama alikuwa ameuona mfupa. Mapaja yangu, mgongo wangu, viganja vyangu vyenye ngozi ngumu kama ya mvuvi, hakuviuliza. Alipokuwa akiniogesha jioni ile Mwabungo kwa sababu ya plasta, aliipitisha sabuni juu ya mistari yote ile, ya zamani na ya juzi, mmoja baada ya mwingine. Mkono wake haukusita hata mara moja. Nyama alikuwa ameitoa.

Sikuachishwa masomo. Kesho yake mjomba alikuja Mwabungo, kwa amri ya mama, na alikuja kila siku hadi siku ya mtihani. Darasa lilihamia uani kwetu, karibu na kifuo. Kifuo ni mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini; nazi hugongwa juu yake ili makumbi yaachane na kifuu. Mama alifanya kazi yake hatua tatu kutoka kwetu. Mjomba alipopandisha sauti, nazi ilishuka juu ya kifuo. Ilishuka, *kwaa*, na sauti ya mjomba ikateremka nayo.

Bila rula hakujua aweke wapi mikono. Aliikalia. Mwenzangu, ambaye sasa alilazimika kuendesha baiskeli safari ndefu maradufu, alimwangalia mara ya kwanza akiwa ameikalia akanitolea ulimi.

Tulipofika kwenye ufahamu, ilikuwa siku ya tatu, mjomba alilisoma swali, akakaa. Akalisoma tena. Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kusema tangu niifahamu sura yake.

"Hili silijui."

Mama alikuwa ameinua nazi. Aliishikilia hewani, akaishusha polepole chini.

"Basi tulitafute," mwenzangu alisema. Akavuta kamusi.

Siku zilizobaki tulifanya hivyo. Watatu tulibishana juu ya kila aya, kila mmoja akionyesha kwa kidole mstari aliouegemea, na asiyekuwa na mstari alinyamaza. Nilijifunza kusoma katika siku zile, si katika zile wiki nne. Alasiri nilifanya zoezi lingine: mkono wa kushoto. Kwetu mkono huo haupokei wala hautoi; mkono ule una kazi zake na kalamu si mojawapo. Mama aliponiona mara ya kwanza nikiandika nao aliugeuza uso. Herufi zangu zilianguka kama walevi. Kwa saa nzima niliweza kuandika nusu ukurasa.

Asubuhi ya mtihani mjomba alikuwa amekwisha kufika kwenye lango la chuo. Alivaa koti la zamani la ualimu. Alitusalimu, na safari hii mama aliitika marahaba.

"Nimeuliza," alisema, akinielekea mimi. "Mwenye jeraha huongezewa muda, lakini hupewa fomu. Watakuuliza ulivunjikaje. Kadi yako ya hospitali inasema pikipiki. Andika pikipiki. Ukiandika kinyume cha kadi, watasema wewe mwongo na muda hutapewa." Akasogea karibu. "Na mimi nimebakiwa na nini isipokuwa hawa watoto wanaoletwa na wazazi? Mwana wangu, nakuomba. Si kama Mwalimu. Kama mjomba."

Ilikuwa kweli yote aliyosema, hata lile la muda. Nilimgeukia mama. Mama alikuwa akiitazama bendera ya chuo.

Ndani, msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Aliiona plasta, akanipa fomu bila maneno mengi. Ilikuwa na nafasi ya mistari minne: eleza kwa Kiingereza jeraha lilitokeaje. Akaniambia saa ya mtihani inaanza sasa, kwangu na kwa wengine, fomu au hapana fomu.

Niliishika kalamu kwa kushoto. Neno moja tu, pikipiki, lingemaliza kazi katika dakika moja. Niliandika kwamba mwalimu wangu, ambaye ni kaka ya mama yangu, alinivunja mkono kwa rula kwa sababu nilimwuliza swali. Herufi ziliyumba. Nilikuwa nimemaliza mistari miwili, nami ningeweza kuacha hapo. Lakini mistari miwili ilikuwa mitupu, na safu zangu nilikuwa nazijua kwa moyo. Nikaandika kwamba kabla ya hapo alikuwa amenipiga kwa wiki nne, mapajani, mgongoni na viganjani, na nikaandika idadi. Nilikuwa nimeijumlisha hospitalini, plasta ikikauka. Ilikuwa mia mbili na kumi na sita. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu ya kwanza kwa Kiingereza ambayo haikutoka kitabuni.

Nilipoinua kichwa, dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwenda. Mwenzangu, viti viwili mbele, alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa pili.

Msimamizi alisoma fomu. Akaichukua kadi ya hospitali, akaviweka vyote viwili sambamba mezani.

"Hapa inasema ulianguka," alisema kwa Kiingereza.

"Nilidanganya, madamu," nikajibu kwa Kiingereza. "Hapo ndipo nilidanganya. Hapa sikudanganya."

Alinitazama juu ya miwani. Alitazama viganja vyangu, kile kilichokuwa nje na ncha za vidole vya kile kilichokuwa ndani ya plasta. Sikujua atasema nini. Nilirudi kwenye kiti changu nikaanza swali la kwanza kwa sababu hakuna lingine lililobaki la kufanya. Baadaye kidogo kivuli chake kilisimama juu ya meza yangu, na mkono wake ukaandika kwa chaki pembeni mwa meza: nusu saa.

Habari ya ufahamu ilihusu mfinyanzi na wateja wake. Sikuwahi kuisoma. Nilitafuta mistari ya kuegemea, mmoja baada ya mwingine. Muhtasari wa mwisho sikuumaliza. Nilikuwa katikati ya sentensi kalamu zilipoitishwa.

Majina ya waliopata nafasi yalikuja baadaye kwa simu. Langu lilikuwa la tatu kutoka chini. La mwenzangu lilikuwa juu sana, na hadi leo hunikumbusha. Mjomba yupo Ramisi. Barua ya chuo ilimfikia chifu, chifu akamwita, wakazungumza, na miezi michache baadaye wazazi walianza tena kumpelekea watoto. Nimeambiwa anatumia fimbo nyembamba sasa. Sijui, sijaenda kuona, na kila mwaka najiambia nitakwenda.

Lakini siku ile yenyewe, nilipotoka, mjomba hakuwapo tena langoni. Mama alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe, mtandio umemfunika hadi machoni kwa jua.

"Umeandika nini?"

"Niliandika yeye ndiye aliyenivunja."

Akaitikia kwa kichwa. "Mfupa ulikuwa wangu. Vyema wakaujua."

"Niliandika na nyama pia, mama. Zote. Kwa hesabu."

Aliuondoa mtandio machoni.

"Na aliyeitoa nyama," alisema, "umemwandika?"

"Hawakuuliza."

Magari yalipita. Mama aliinuka, akaja mbele yangu, akalifungua lile fundo la leso lililoushikilia mkono wangu shingoni. Fundo lilimshinda mara mbili kwanza. Alipoinua leso ili anifunge upya, ukosi wa blauzi yangu ulisogea, na mstari mmoja wa begani ukaonekana, ule wa zamani uliobaki na rangi ya kahawa. Aliuona. Safari hii mkono wake ulisita. Aliufuata kwa kidole kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, kisha akaufunika, akakaza fundo, na tukaanza kutembea kuelekea barabarani.